Uko Upande Gani, Mkwe?

Tulipokuwa tunaandaa mazishi, shemeji yangu wa Bunda alinipigia simu akaniomba nichague picha ya mama yao ya kuweka juu ya jeneza.

"Wewe ndiye mwenye picha zote kwenye hiyo kompyuta yako, shem," alisema. "Tafuta moja inayofanana naye."

Nilizifungua, nikazipanga kwa miaka kama ninavyopanga kila kitu, nikazitazama moja baada ya nyingine. Kisha nikampigia mke wangu, ambaye alikuwa ameshatangulia Butiama, nikamwomba achague yeye. Sikumwambia sababu. Nilikuwa mkwe wa yule mama kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwa na hakika anafanana na picha ipi.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Jambo hili tunaliita aibu, na kwa maana hiyo aibu si kosa. Ni adabu, na asiyekuwa nayo ndiye anayesemwa. Siku hizi wengi wameilegeza. Wapo wanaopeleka mbuzi, mama mkwe akampokea mbele ya wazee, na kuanzia siku hiyo wanakula meza moja.

Shemeji alinidokeza hilo mara nyingi. "Lete mbuzi, shem, yaishe. Au unaogopa Mama ataona unavyotafuna?"

Nilikuwa nacheka. Nilijiambia kwamba mama mwenyewe asingetaka, na sikuwahi kumwuliza. Ukweli ni kwamba desturi ile ilinifaa. Mimi ni mtu wa maneno machache. Kazi yangu ya kutengeneza kompyuta pale Musoma nilijifunza kwa kusoma mwenyewe, na mtu aliyejifunza hivyo huzoea kukaa peke yake. Mama mkwe ambaye hawezi kukutazama hawezi pia kukuuliza maswali.

Kwa hiyo nilichokijua ni miguu. Tulipokaribiana uani nilikuwa nainamisha macho, na hapo ndipo yalipoangukia. Nikiulizwa kuhusu miguu yake naweza kueleza vizuri kuliko wanawe. Mwanzoni ilikuwa miembamba, yenye vumbi jekundu, ndani ya kandambili za bluu. Baadaye ukaja mshipa mmoja juu ya kifundo cha kulia. Baadaye tena kandambili zikabadilishwa kwa yeboyebo za kiume, na wakati huo nilidhani ni za marehemu baba mkwe tu, zimevaliwa kwa haraka. Hazikuwa za haraka. Miguu ilikuwa imeanza kujaa maji na viatu vya kike havikuiingia tena. Niliiona ikijaa, mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa haikuwa adabu kuitazama sana, sikuisema kwa mtu.

Kingine nilichokijua ni sauti. Nikifika pale nyumbani, kabla sijaketi, sauti ilikuwa inatoka nyuma ya pazia la korido:

"Uko upande gani, mkwe?"

"Niko sebuleni, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa huko huko, mimi napita nyuma."

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Alitaka kujua niko wapi ili yeye aende kwingine. Aliliuliza kila nilipofika, kwa sauti ileile, na mimi nililijibu bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi.

Yeye alinijua kwa sahani. Chakula kililetwa na mke wangu, ugali wa muhogo na sato, kichwa cha samaki kikiwa upande wangu, na sahani zikirudi jikoni alikuwa anazisoma. Niliwahi kumsikia akisema, "Mkwe hajagusa mchuzi. Mmegombana njiani?" Tulikuwa tumegombana kweli, tangu Kiabakari. Siku nyingine aliagiza niambiwe nikapime sukari, kwa sababu nilikuwa nimekunywa maji yote ya jagi. Nilikwenda kupima kwa sababu mke wangu alinilazimisha. Sukari ilikuwepo.

Alikuwa kiongozi wa jumuiya yao ndogo, mkali wa sala na wa mavazi. Binti wa jirani aliyekuja kuomba chumvi amevaa suruali ya kubana alirudishwa akavae kitenge kwanza. Lakini mama huyohuyo alipenda sinema za mapigano kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na hilo ndilo lililotufikisha kwenye mashine.

Baba mkwe alikuwa na stationari Bunda. Alichapa barua, alitoa kopi, alitengeneza kadi za harusi. Alipofunga biashara alirudi Butiama na kompyuta yake ya mezani na televisheni pana aliyojinunulia kama zawadi ya kustaafu. Kompyuta iliwekwa pembeni ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Televisheni iliunganishwa na deki, na kila nilipokwenda, tukishamaliza kula, mzee alikuwa anaweka sinema. Zilikuwa zile za kutafsiriwa, ambazo mtu mmoja anasema maneno ya wahusika wote kwa Kiswahili na kuongeza ya kwake. Tuliketi wanaume wawili sebuleni. Mama mkwe alikuwa koridoni, nyuma ya pazia, kwenye kigoda, akichambua mchele au maharage.

Nilidhani anachambua mchele. Siku moja mimi na mzee tulikuwa tunabishana ni nani aliyewauzia maadui ramani ya ngome, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Huyo mjomba. Msikilizeni anavyokohoa. Tangu mwanzo anakohoaga akisema uongo."

Baada ya muda ikathibitika kuwa ni mjomba. Mzee akasema, "Mama, wewe unachambua mchele au unapeleleza?" Akajibiwa, "Mikono inachambua, masikio yanafanya nini?"

Ikifika sehemu ya mapenzi, mzee alikuwa anakohoa na kuitafuta rimoti, kwa kuwa haifai baba na mkwe kutazama mambo hayo pamoja. Na kutoka koridoni: "Mbona kimya? Wameshaanza ujinga wao?" Wahusika wa kupendana hakuwa na subira nao. Alisema wanapoteza muda, wangekuwa wameshaoana na kupata watoto. Lakini mifupa ikivunjika alikuwa anasema, "Ee Yesu!" kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

Mzee alifariki. Deki ilikuwa imekufa kabla yake. Baada ya msiba kupoa, mke wangu alirudi kutoka Butiama na ujumbe.

"Mama anasema amesikia sinema miaka yote. Anataka na yeye aone."

"Aone zipi?"

"Hizohizo. Zile alizozisikia. Anauliza kama mashine ya Baba inaweza."

Niliipokea kazi ile kwa moyo wote. Ilikuwa njia ya kumheshimu mtu ambaye sikuwa na njia nyingine ya kumheshimu, na ilikuwa kazi ninayoiweza. Kompyuta ilikuwa ya zamani lakini imara. Niliisafisha vumbi, nikaondoa grisi ya kupozea iliyokauka nikapaka mpya. Nikaiongezea kumbukumbu. Nikaweka diski mpya ya kasi ya kuiwashia mashine, na ile ya zamani nikaiacha iwe ghala la sinema. Nyuma haikuwa na tundu la waya wa televisheni ya kisasa, kwa hiyo niliagiza Mwanza kadi ndogo ya picha, iliyotumika, isiyo na feni. Sinema zenyewe nilizitafuta kwa mtu wa sidii pale sokoni Musoma, moja moja, kwa maelezo ya mama mkwe yaliyoletwa na mke wangu: ile ya mjomba anayekohoa, ile ya kipofu mwenye fimbo, ile ambayo wanapigana kwenye mvua mpaka unasikia matope.

Kazi nyingine zote za namna hii huwa nazifanyia kibandani kwangu. Hii niliifanyia palepale Butiama, sebuleni, kwa sababu nilitaka kupima kila kitu kwa televisheni ileile na umeme uleule. Nilikuwa nakwenda Jumamosi. Jumamosi ya kwanza nilifungua na kusafisha. Ya pili nilifunga vifaa. Baada ya hapo nilikwenda tena kwa sababu ya kelele. Mashine ya kutazamia sinema haitakiwi kuvuma, na ile ya marehemu ilivuma kama mashine ya kusaga. Nilibadilisha feni, nikasikiliza, nikalegeza skrubu, nikasikiliza tena. Nilimwomba mke wangu awaambie walioko jikoni wanyamaze kidogo nisikie vizuri.

Aliyekuwa jikoni ni mmoja tu. Alinyamaza.

Nakumbuka kigoda kikikwaruza sakafu mara kwa mara, kama mtu anayebadilisha mkao. Nilikiona kuwa usumbufu.

Tuligombana kuhusu kitambaa. Nilitoa agizo kwamba mashine isifunikwe tena, itapata joto. Jibu likarudi kwamba kitu cha marehemu hakiwezi kukaa uchi sebuleni mbele ya wakwe. Nikaeleza habari ya matundu ya hewa. Akasema hata yeye ana matundu ya hewa na anavaa. Mwishoni nilitengeneza fremu ya mbao ya kukiinua kitambaa kisiguse mashine, ikabaki nafasi ya kiganja pande zote. Akaagiza niambiwe kwamba sasa limekuwa hema la askofu, na kwamba ameridhika.

Kibodi niliiondoa kabisa ili sebule ipendeze. Badala yake niliweka rimoti ndogo, nikaziba vitufe vyote kwa plasta nikaacha vichache: kuwasha, kwenda mbele, kurudi, na kuchagua. Nilimfundisha mke wangu, naye akaingia kumfundisha mama yake. Mimi nilisimama nje chini ya mpera. Nilisikia muziki wa mwanzo wa sinema, kisha sauti ya mtafsiri, kisha mama mkwe akisema kwa mshangao, "Kumbe huyu mjomba ni mfupi hivi!" Nilirudi Musoma nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Miezi ikapita. Kila nilipompigia simu nilimwuliza mashine inaendeleaje, na jibu lilikuwa moja: "Nzuri sana, mkwe. Picha inang'aa." Niliipokea sifa hiyo. Ilikuwa kweli inang'aa. Nilikuwa nimeirekebisha rangi kwa uangalifu.

Kisha mke wangu alikwenda kumwuguza siku chache, aliporudi akanikuta mezani.

"Ile mashine haina sauti," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu umeme ulipokatika wakati wa masika."

Tulikuwa tumeshaingia kiangazi. "Mbona hakusema? Nimempigia kila wiki."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Ukienda kule, Mama anakaa wapi?"

"Jikoni."

"Kwenye nini?"

"Kigoda."

"Ile miguu haikunji tena. Ulipokuwa unasikiliza feni yako alikaa kwenye kile kigoda kutwa, usiku alishindwa kwenda chooni mpaka nikamshika. Alisema, mkwe ni fundi mzuri, ila anachelewaga. Akasema afadhali picha bila sauti, kuliko kurudi jikoni."

Nilimwuliza anatazamaje sinema isiyo na sauti. Hapo ndipo mke wangu alipoweka nguo chini.

"Anasema mwenyewe. Nimemkuta. Amekaa kwenye kiti cha Baba, miguu juu ya stuli, anasema maneno yote. Ya mtafsiri pia, na vichekesho vyake. Ikifika kwa mjomba, anakohoa."

Sikuweza kuendelea na nilichokuwa nafanya. Miaka yote tuliyokaa mimi na mzee kwenye viti vyenye mito, yule mama alikuwa na sauti bila picha, kwa sababu yangu. Sasa alikuwa na picha bila sauti, kwa sababu yangu tena, na alikuwa ameziunganisha mwenyewe kwa kumbukumbu ili asinisumbue. Au ili nisimsumbue.

Na kosa lenyewe lilikuwa la kitoto. Umeme ukikatika ghafla, mashine ile ikiwaka kabla televisheni haijawaka, inapeleka sauti kwenye tundu la zamani la spika, ambalo halikuwa limechomekwa kitu. Nilikuwa nimepima joto, rangi, kelele na kasi. Mimi, niliyeishi Musoma maisha yangu yote, sikupima umeme ukikatika. Mwenye kibodi angerekebisha bila hata kusimama. Kibodi nilikuwa nayo mimi, kabatini.

Nilimpigia shemeji nikamwuliza kuhusu mbuzi.

"Leo?" alisema. "Shem, huyo mbuzi angekuja wakati ule, sasa hivi angekuwa na vitukuu." Alicheka, kisha akaacha. Akasema atatafuta beberu mzuri huko Bunda, lakini lazima wazee wakae, na Mama apate nafuu kidogo, mambo haya hayafanywi juu juu. Mbuzi alipatikana kweli. Alikuwa bado amefungwa uani kwa shemeji siku mama mkwe alipofariki. Alichinjwa msibani na mimi nililetewa nyama yake kwenye sahani.

Lakini mama mkwe mwenyewe hakuwa amemngoja mbuzi. Aliposikia nimemwulizia, alijibu kupitia kwa binti yake: "Mbuzi aje baadaye. Sauti ije kwanza. Mwambie mkwe akae upande wa mashine, asigeuke. Mimi nitakaa kwenye kiti changu."

Tulikwenda siku ya kazi, mchana. Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa, kwa sababu alipenda kutazama sinema gizani. Mke wangu alinifungulia mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ameshakaa." Niliingia nikiwa nimeuelekea ukuta, nikatembea ubavu ubavu kama mtu anayetafuta ufa, kibodi kifuani. Nilipita karibu na stuli. Niliiona miguu, imefungwa khanga, na nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine nikachuchumaa, mgongo wangu ukiwa kwake.

"Uko upande gani, mkwe?"

Alikuwa ananiona. Hakukuwa na hatua tano kati yetu. Aliuliza tu, kama alivyouliza siku zote.

"Niko upande wa mashine, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa huko huko."

Nilichomeka kibodi. Nilirekebisha njia ya sauti, nikaandika agizo la kuilazimisha ibaki palepale umeme ukatike usikatike. Nyuma yangu nilisikia pumzi zake, nzito, zenye mkwaruzo kidogo. Sikuwahi kuzisikia kwa karibu hivyo. Kisha nikaizima mashine ili niiwashe upya, nihakikishe.

Televisheni ikawa nyeusi.

Ni pana, na kwa mwanga wa mlango uliobaki wazi kioo chake kilikuwa kinaakisi. Katika weusi ule, juu ya bega langu, alikuwepo mama mzee mwenye kilemba cha njano, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, mashavu yaliyoingia ndani. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, ananitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kwa makini na bila haraka, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza sinema aliyoisikia miaka mingi.

Nilitakiwa kuinamisha macho. Kitufe cha kuwasha kilikuwa chini ya kidole changu; ningekibonyeza, mwanga ungekuja, na tungesema hatukuonana. Nilijua kwamba ndiyo adabu. Sikukibonyeza. Naye hakutazama pembeni.

"Kumbe una mvi, mkwe," alisema.

"Ninazo, Mama."

Kigoda cha jikoni kilikuwa mbali, hakuna aliyekikalia.

"Haya," akasema. "Washa. Na wewe kaa, usichuchumae, utaumia miguu."